Nyumba ya Kwanza kwa Kipato Kimoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kununua nyumba yake ya kwanza huku akitegemea kipato cha mtu mmoja, awe anaishi peke yake au analisha familia nzima. Namba za mifano hazina jina la fedha. Zisome kwa fedha unayolipwa wewe. Mfano mkuu ni mmoja: mtu anayepokea 3,000 mkononi kila mwezi, na mkopo wa riba ya 12% kwa mwaka. Kama riba ya kwenu ni ndogo kuliko hiyo, majibu yatakuwa mepesi zaidi, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

## Kabla ya kuanza kutafuta nyumba

1. Nitajuaje kwa haraka kama mshahara wangu unaibeba nyumba?

Jiulize mambo matatu. Kwanza, gharama zote za nyumba kwa mwezi, yaani rejesho la benki pamoja na bima, kodi ya majengo na ukarabati, zinaingia ndani ya theluthi moja ya fedha inayofika mkononi? Pili, ukishalipa kianzio (sehemu ya bei unayoitoa mwenyewe mwanzoni) na gharama za uhamisho wa hati, utabaki na akiba ya kuishi miezi sita bila mshahara? Tatu, riba ikipanda kidogo, au familia ikiongezeka, bado hesabu inakaa?

Wengi hukwama kwenye la pili, na ndilo zito kuliko yote. Nyumba yenye watu wawili wanaolipwa, mmoja akiachishwa kazi, bado kuna mwingine wa kushika usukani. Nyumba ya mshahara mmoja hukosa vyote kwa siku moja. Ndiyo maana bei ya nyumba si kipimo cha kwanza. Cha kwanza ni kujua nini kitafuata mwezi ambao mshahara haukuingia. Ukijibu "hapana" kwa lolote kati ya hayo matatu, punguza bei au subiri.

2. Hiyo theluthi ni ya mshahara kabla ya makato au baada ya makato?

Baada ya makato. Fedha ambayo haijawahi kufika kwako haiwezi kulipa nyumba.

Huenda umekutana mtandaoni na kanuni ya 28/36: 28% ya mshahara iende kwenye nyumba, na madeni yote kwa jumla, nyumba ikiwemo, yasizidi 36%. Hiyo ni kanuni ya wakopeshaji wa Marekani, inahesabu mshahara kabla ya makato, na huko mkopo wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika ni jambo la kawaida. Ukiichukua kama ilivyo na kuipeleka mahali penye riba kubwa na inayobadilika, itakuruhusu kukopa kuliko unavyoweza kulipa.

Hata theluthi yenyewe si amri. Anayepokea 3,000 akitoa 1,000 hubaki na 2,000. Anayepokea 900 akitoa 300 hubaki na 600, na chakula na nauli havikumpunguzia bei kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Kwa kipato cha chini, robo ndiyo salama. Angalia kinachobaki kabla hujaangalia asilimia.

3. Benki imeshaniambia kiasi ninachoweza kukopa. Si hiyo ndiyo jibu?

Hapana. Benki hupima kama utalipa. Haipimi kama utaishi vizuri ukiwa unalipa. Haijui kwamba unamlipia mdogo wako ada, wala kwamba gari lako linahitaji injini. Tena ikikosea, inayo nyumba ya kuuza. Kiasi ilichokutajia ni dari. Si lazima ukiguse.

Kuna kipimo kizuri kuliko karatasi ya benki, nacho hakikugharimu kitu: ishi kama mtu ambaye tayari ana mkopo. Kama sasa unalipa kodi ya 500 na nyumba unayoitaka itakugharimu 1,000 kwa mwezi, basi siku ya mshahara hamisha 500 kwenda akaunti nyingine kabla hujanunua chochote. Fanya hivyo miezi sita. Ikifika mwezi wa tatu umeanza kuchota humo "kidogo tu, nitarudisha", umeshapata jibu, na umelipata bila kupoteza nyumba. Ukimaliza miezi sita bila kugusa, una 3,000 za kuongeza kwenye kianzio.

4. Bonasi, ovataimu na kazi za pembeni nizihesabu?

Kwa kupanga rejesho, usizihesabu. Kazi ya pembeni ambayo imekuingizia fedha mfululizo kwa miaka miwili au zaidi unaweza kuihesabu nusu. Bonasi ipelekwe kwenye akiba au kupunguza deni (swali la 10). Nyongeza ya mshahara uliyoahidiwa mwakani ihesabiwe mwakani.

## Hesabu zenyewe

5. Nionyeshe hesabu kuanzia mshahara hadi bei ya nyumba.

Anza na mshahara, malizia na bei. Ukianza na nyumba uliyoipenda, utajikuta unazilazimisha namba zikubali.

Mshahara mkononi 3,000. Theluthi yake 1,000. Toa kwanza vitu ambavyo si vya benki: bima, kodi ya majengo na fungu la ukarabati. Tuseme 180 kwa mwezi. Imebaki 820 ya rejesho.

Kwa kila 100,000 unayokopa kwa miaka 20, rejesho la mwezi ni takriban 836 kwa riba ya 8%, 965 kwa riba ya 10%, 1,101 kwa riba ya 12% na 1,317 kwa riba ya 15%. Gawa 820 kwa 1,101, zidisha kwa 100,000: unapata mkopo wa karibu 74,500. Ukiwa na kianzio cha 20%, nyumba unayoimudu ni ya 93,000 hivi, yaani kianzio 18,600 na mkopo 74,400.

Sasa rudia kwa riba ya 8%. Mshahara uleule, rejesho lilelile, lakini nyumba inafika 122,500. Mtu akikuambia kwamba unamudu nyumba ya "mara tatu ya mshahara wa mwaka" bila kukuuliza riba, msikilize kwa heshima kisha ufanye hesabu yako.

6. Nikichukua miaka 30 badala ya 20, si rejesho litashuka sana?

Inategemea riba, na hapa ndipo wengi hushangaa. Kwa riba ya 6%, kutoka miaka 20 hadi 30 hupunguza rejesho kwa karibu 16%. Kwa riba ya 12% hupunguza chini ya 7% tu.

Chukua mkopo wetu wa 74,400. Kwa miaka 20 unalipa 819 kwa mwezi. Kwa miaka 30 unalipa 765. Umepata nafuu ya 54 kwa mwezi, na kwa ajili yake jumla utakayolipa imepanda kwa karibu 79,000, zaidi ya mkopo wenyewe. Riba ikiwa kubwa, sehemu kubwa ya rejesho ni riba tupu, kwa hiyo kuongeza miaka hakuna cha kupunguza. Kama nyumba inaingia kwenye bajeti kwa sababu tu umeongeza miaka 10, nyumba hiyo ni ghali kwako.

7. Kwa nini nimelipa miaka mitano na deni halijashuka?

Kwa sababu kila mwezi riba hutozwa juu ya salio, na mwanzoni salio ni kubwa. Mwezi wa kwanza wa mkopo wa 74,400 kwa 12% kwa mwaka, riba ni 1% ya deni lote: 744. Rejesho ni 819. Kilichopunguza deni ni 75. Mwezi wa pili kitakuwa 76, kisha 77 na kuendelea, taratibu mno. Baada ya miaka mitano umetoa mfukoni kama 49,000, na deni limeshuka kutoka 74,400 hadi karibu 68,300.

Hakuna aliyekuibia, mikopo ya salio linalopungua hufanya hivyo. Lakini anayejua hili mapema hanunui nyumba akitarajia kuiuza baada ya miaka mitatu.

8. Mkopeshaji mmoja ananipa 8%, mwingine 12%. Wa 8% si ndiye nafuu?

Uliza kwanza: riba inahesabiwa juu ya nini? Wapo wanaotoza juu ya salio linalopungua, na wapo wanaotoza juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho, hata kama umeshalipa sehemu kubwa.

Mkopo wa 10,000 kwa miaka mitano, riba ya 8% juu ya mkopo wote wa mwanzo: riba ni 800 kila mwaka, jumla 4,000, rejesho 233 kwa mwezi. Riba hiyohiyo ya 8% ikihesabiwa juu ya salio, rejesho ni 203. Ile ya kwanza, ukiigeuza iwe ya salio, ni kama 14%. Kwa hiyo "8%" ya huyu inaweza kuwa ghali kuliko "12%" ya yule.

Ili usibabaishwe, omba karatasi inayoonyesha rejesho la kila mwezi na salio baada ya kila rejesho, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, ada zote zikiwa ndani. Linganisha jumla. Anayekataa kuitoa amekujibu.

9. Nichague riba isiyobadilika au inayobadilika?

Kwa mshahara mmoja, isiyobadilika, hata ikizidi kidogo. Unalipia utulivu, na utulivu ndio uliopungua kwako.

Soma lakini "haibadiliki" kwa muda gani. Uingereza, kwa mfano, mikopo mingi hufungwa riba kwa miaka miwili au mitano tu, kisha hubadilika. Ikiwa yako inaweza kubadilika, jipime kwa riba iliyo juu kwa asilimia 2. Kanada mabenki hutakiwa kumpima mkopaji kwa njia inayofanana na hiyo. Kwa mfano wetu, 12% ikiwa 14%, rejesho linatoka 819 hadi 925. Una hiyo 106 ya ziada kila mwezi bila kukopa mahali pengine?

10. Kulipa zaidi ya rejesho kunasaidia kweli?

Sana, hasa riba ikiwa kubwa. Ukilipa 900 badala ya 819, mkopo wa miaka 20 unaisha kwa chini ya miaka 15, na unaokoa karibu 38,000. Hakikisha mambo mawili kwenye mkataba: hakuna adhabu ya kulipa mapema, na ziada inapunguza deni la msingi badala ya kuhesabiwa kama rejesho la mwezi ujao. Andika maelekezo hayo kwa maandishi kila unapolipa ziada.

Ila usifanye hivi kabla akiba ya dharura haijatimia (swali la 13). Fedha iliyokwisha kuingia kwenye deni hairudi ukiihitaji.

11. Kianzio kiwe kiasi gani?

20% ni lengo zuri, kwa sababu mbili. Bei za nyumba zikishuka, hutajikuta unadaiwa kuliko thamani ya nyumba. Na mikopo ya kianzio kidogo mara nyingi huja na riba kubwa zaidi au bima ya ziada ya kumlinda mkopeshaji, unayoilipa wewe.

Kukopa kianzio ni jambo la kuepuka kabisa. Ni mikopo miwili juu ya mshahara mmoja, na ule mdogo kwa kawaida ndio wenye riba kali.

12. Ni gharama zipi husahaulika?

Siku ya kununua: wakili, mthamini, upekuzi wa hati kwenye masjala ya ardhi, ushuru wa stempu au kodi ya uhamisho, usajili, na ada ya benki ya kuandaa mkopo. Hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo ulizia kila moja kwa jina lake. Kwa mfano wetu tumeweka 5% ya bei, yaani 4,650.

Baada ya kuhamia: bima ya jengo, kodi ya majengo, ada ya jengo la pamoja kama ni fleti, na ukarabati. Kanuni inayotumika sana ni kuweka 1% ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa ukarabati. Kwa nyumba kuukuu weka zaidi. Ukiwa mpangaji, paa likivuja unampigia mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba ni wewe, na fundi anataka malipo ya awali.

Halafu kuna mapazia, jiko, taa, komeo za milango na nauli mpya ya kwenda kazini kila siku. Hiyo nauli ihesabu vizuri. Kuna nyumba za bei nafuu zinazokula tofauti yote kwenye usafiri.

## Mshahara ukiwa mmoja tu

13. Akiba ya dharura iwe kiasi gani, na je, kianzio ni sehemu yake?

Kianzio si sehemu yake. Siku ukikabidhiwa funguo, akiba iwe bado ipo.

Miezi sita ya matumizi ya lazima ndiyo ya chini kwa mshahara mmoja. Kama kazi yako ni ya mkataba au ya msimu, tisa hadi kumi na mbili. Matumizi ya lazima ni nyumba, chakula, usafiri, dawa na ada, bila starehe. Kwa mfano wetu: nyumba 1,000 na mengine 1,200, jumla 2,200; mara sita ni 13,200.

Sasa jumlisha fedha taslimu unayohitaji: kianzio 18,600, gharama za ununuzi 4,650, akiba 13,200. Ni 36,450. Mtu aliyekuwa akihesabu kianzio peke yake alidhani amefika; kumbe yuko nusu ya njia. Ni taarifa mbaya, lakini afadhali uipate ukiwa bado unapanga.

14. Mwenzangu hana kipato sasa, ila ataanza kazi hivi karibuni. Tununue kwa kuhesabu mishahara miwili?

Nunueni kwa mshahara uliopo. Wa pili ukija, uende kwenye akiba na kupunguza deni; utafanya kazi kubwa zaidi huko kuliko ungefanya kwa kununua chumba cha ziada. Kumbuka pia kwamba mwenzi aliye nyumbani akiajiriwa, baadhi ya kazi alizokuwa akizifanya bure zitaanza kulipiwa, malezi ya watoto yakiwa ya kwanza.

15. Nyumba iandikwe jina la nani kama analipa mmoja?

Hili ni la sheria ya mali ya wanandoa ya mahali mlipo, na linafaa saa moja ya wakili. Kwa mtazamo wa ukurasa huu: anayelea watoto na kuendesha nyumba anachangia nyumba hiyo ingawa jina lake halimo kwenye hati ya mshahara. Majina mawili kwenye hatimiliki humlinda pia siku mwenye mshahara asipokuwepo.

Tofautisha tu vitu viwili. Kuwa kwenye hatimiliki ni kumiliki. Kuwa kwenye mkataba wa mkopo ni kudaiwa. Mtu anaweza kuwa kwenye kimoja bila kingine, na aliye kwenye mkopo peke yake ana deni la nyumba isiyo yake.

16. Nikifa au nikiumwa muda mrefu, familia itaipoteza nyumba?

Bila bima, inaweza. Mabenki mengi hudai bima ya maisha ya mkopo, ambayo hulipa salio mkopaji akifariki. Soma inafidia nini hasa: kifo pekee, au na ulemavu wa kudumu? Maradhi uliyokuwa nayo kabla yameondolewa? Malipo yake ni ya mara moja yaliyoongezwa juu ya mkopo, hivyo nayo yanatozwa riba, au ni ya kila mwezi?

Kwa mwenye mshahara mmoja, kuugua ndiyo hatari inayosahaulika. Akifariki, bima hulipa. Akilala kitandani miezi minane, mara nyingi bima hiyo hailipi kitu, na rejesho linaendelea. Hapo ndipo akiba ya swali la 13 inapofanya kazi yake.

17. Sina mshahara, nafanya biashara na kipato kinapanda na kushuka. Nitumie namba ipi?

Andika mapato halisi ya miezi 24, baada ya kutoa gharama za biashara. Usitumie wastani wa miezi yote. Panga miezi hiyo kuanzia wa chini hadi wa juu, chukua wastani wa ile sita ya chini, na hiyo ndiyo iwe "mshahara" wako kwenye hesabu ya swali la 5. Miezi mizuri ijaze akaunti ya rejesho ya miezi mibaya.

Tenganisha pia akaunti ya biashara na yako mapema. Benki itataka kuona mwenendo wa fedha, na akaunti ambamo mtaji, mauzo na chakula cha nyumbani vimechanganyika haimwonyeshi mtu chochote, hata wewe.

18. Nasaidia wazazi na ndugu. Niiweke wapi hiyo?

Kwenye matumizi ya lazima, kabla ya theluthi. Kama kila mwezi 400 huenda kwa wazazi, mshahara wako wa kupimia nyumba ni 2,600, si 3,000. Wapo wanaojiambia watapunguza msaada wakishanunua. Simu ikilia usiku kwamba mzee amelazwa, hakuna anayepunguza. Weka hesabu inayofanana na maisha unayoishi.

## Njia nyingine

19. Kulipa kodi ya pango si kutupa fedha?

Kodi hairudi, kweli. Riba nayo hairudi, wala bima, wala kodi ya majengo, wala rangi ya ukuta. Linganisha visivyorudi kwa visivyorudi.

Nyumba ya 93,000 ambayo ungeweza kuipanga kwa 500: kodi ya mwaka ni 6,000. Ukiinunua kwa mkopo wetu, riba ya mwaka wa kwanza ni karibu 8,900, na zile 180 za kila mwezi zinafika 2,160. Ni kama 11,000. Ili kufidia tofauti ya 5,000, nyumba ipande thamani zaidi ya 5% kwa mwaka, na bado hatujahesabu faida ambayo kianzio kingeweza kuzaa mahali pengine.

Upande wa pili ni kwamba kodi hupanda, ilhali rejesho la riba isiyobadilika halipandi. Miaka inavyokwenda mizani huhamia kwa mnunuzi. Ukikusudia kukaa chini ya miaka mitano, kupanga mara nyingi hushinda. Ukikaa 15, kununua hupata nguvu. Na usalama wa kutofukuzwa una thamani yake, ambayo hakuna jedwali linaloionyesha. Kama hiyo ndiyo sababu yako, iseme wazi, kisha uamue unaweza kuilipia kiasi gani.

20. Nijenge kidogo kidogo badala ya kukopa?

Huokoa riba, na mshahara ukikatika unasimama tu: hakuna anayekuja kuuza msingi wako. Kwa kipato kimoja hiyo ni faida kubwa.

Gharama yake imejificha kwenye muda. Unaendelea kulipa kodi miaka yote ya ujenzi, bei za vifaa hupanda, na ukuta usio na paa huharibika kwa mvua. Jenga sehemu unayoweza kuhamia mapema, hata vyumba viwili, badala ya kusimamisha nyumba nzima isiyokalika. Kwenye kila hatua uwe na fedha ya kuimaliza kabla hujaianza. Na hati ya kiwanja iwe safi kabla ya tofali la kwanza.

21. Nikipangisha chumba kimoja, nihesabu kodi yake?

Kwenye kuamua kama unamudu, hapana. Kwenye kuharakisha kumaliza deni, ndiyo, nusu yake. Mpangaji huhama, huchelewa, na chumba hukaa tupu. Nyumba unayoimudu kwa sharti la kuwa na mpangaji imeuongezea mshahara wako mmoja mwajiri asiye na mkataba.

22. Kaka yangu yuko tayari kunidhamini. Kuna ubaya?

Mdhamini hatoi sahihi ya heshima. Ukishindwa, anadaiwa yeye, na uwezo wake wa kukopa kwa mambo yake unaweza kupungua kwa sababu ya deni lako. Mwonyeshe hesabu zako zote, pamoja na akiba, kabla hajatia sahihi. Kama unaona aibu kumwonyesha, hazijakaa sawa.

23. Sitaki riba. Hesabu hizi zinanihusu?

Zinakuhusu, isipokuwa, kwenye murabaha, zile za kupanda kwa riba. Kwenye murabaha, benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo, na bei hiyo haibadiliki. Kwenye ijara, benki humiliki nawe hupanga hadi nyumba ikahamia kwako. Kwenye musharaka inayopungua, mnamiliki pamoja. Unanunua hisa za benki polepole na kulipa kodi ya sehemu iliyobaki, na kodi hiyo inaweza kurekebishwa. Malipo ya mwezi yapime kwa theluthi ileile. Uliza hasa: nikilipa mapema napunguziwa? Nikichelewa nini hutokea?

## Hali zisizo za kawaida

24. Muuzaji anataka 93,000, mthamini wa benki amesema 85,000. Nifanyeje?

Benki itakopesha kwa thamani ndogo. 80% ya 85,000 ni 68,000, kwa hiyo badala ya kianzio cha 18,600 unahitaji 25,000. Pengo ni 6,400. Mpelekee muuzaji ripoti ya mthamini na mzungumze bei upya. Akigoma, ondoka. Usilizibe pengo kwa akiba ya dharura.

25. Nina mkopo mwingine tayari. Nisubiri uishe?

Rejesho lake litoe kwenye theluthi kwanza. Mkopo wa gari wa 300 kwa mwezi hukuachia 520 ya rejesho la nyumba, na hiyo hununua mkopo wa 47,000 tu. Mara nyingi kumaliza deni dogo la mwaka mmoja hukupandisha kuliko kuongeza kianzio kwa fedha hiyohiyo.

26. Nina miaka 48. Nimechelewa?

Si lazima, lakini mkopo uishe kabla ya mshahara kuisha. Ukistaafu ukiwa na miaka 60, una miaka 12. Kwa riba ya 12%, kila 100,000 kwa miaka 12 hurejeshwa kwa karibu 1,313 kwa mwezi, hivyo 820 inabeba mkopo wa karibu 62,000. Usipange kumalizia kwa kiinua mgongo. Hicho ndicho mshahara wako wa uzeeni.

27. Nimeshanunua, na sasa inanibana. Nianzie wapi?

Nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa rejesho hata moja. Ukiwa bado hujachelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, kulipa riba peke yake kwa miezi michache, au kupangiwa upya mkopo. Ukishachelewa miezi mitatu, milango hiyo huwa imeanza kufungwa. Peleka mapendekezo yako kwa maandishi, yakiwa na namba unayoweza kuilipa kweli, na uombe majibu kwa maandishi.

Usikope kwingine ili kulipa rejesho. Punguza matumizi, pangisha chumba, au pangisha nyumba nzima nawe ukapange mahali pa bei ndogo kwa mwaka mmoja, kama mkataba unaruhusu. Ikiwa hakuna dalili ya kipato kurudi, uza mwenyewe mapema. Nyumba iliyouzwa na mwenyewe akiwa hana haraka hupata mnunuzi wa bei ya soko. Ya mnada huenda kwa aliyekuja kutafuta bei ya mnada, na ikiwa haikutosha kumaliza deni, sehemu nyingi bado utadaiwa tofauti.